Sura ya Sita: Kabla ya Vuli

Injini ikifa, gari linasimama. Mwenye gari atampigia fundi simu asubuhi hiyohiyo, atakopa ikibidi, na jioni kitu kitakuwa kimefungwa. Breki zikichoka, gari linakwenda. Tairi zikiota upara, linakwenda. Waipa zikikauka, taa moja ya nyuma ikizimika, mafuta ya breki yakigeuka meusi, linakwenda tu, na siku ya jua linakwenda vizuri kiasi kwamba mwenyewe haoni sababu ya kutoa hela. Hapo ndipo utunzaji wetu wa magari unapopinda. Tunalipia kile kinachotusumbua, na zile sehemu za kusimamishia gari, za kuonea na za kuonekania hazimsumbui dereva hata kidogo mpaka sekunde ile anapozihitaji.

Kitu kisicholalamika kinahitaji tarehe. Kwa mkazi wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria, kutoka Sengerema hadi Magu, tarehe hiyo ni Septemba.

Sababu iko kwenye kalenda mbili zinazokutana barabarani. Ya kwanza ni ya mvua. Kanda ya ziwa hupata mvua misimu miwili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi, na miezi hiyo gari bovu hujificha kirahisi. Kalenda ya pili ni ya shule. Muhula wa pili huanza Julai na kufungwa Desemba, na ndani yake ndimo mitihani mikubwa ilimopangwa: darasa la saba Septemba, kisha darasa la nne, kidato cha pili na kidato cha nne mnamo Oktoba na Novemba. Maana yake, wiki ambazo mtoto hawezi kukosa shule hata mvua inyeshe vipi ndizo wiki ambazo lami imelowa. Gari lililopita Agosti bila tatizo linaingia Oktoba kwenye barabara nyingine kabisa, ingawa jina lake ni lilelile.

Jua la Mwanza huchelewa

Kabla hatujafungua boneti, tuangalie saa. Tanzania nzima hufuata majira yaleyale, toka Mtwara hadi Kigoma, lakini jua hupanda kwa zamu, likianzia mashariki. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi sita za longitudo, na kila nyuzi hulichelewesha jua dakika nne. Kwa hiyo jua huchomoza Mwanza kama dakika 25 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Katikati ya Februari linatokeza saa 1 asubuhi kasoro dakika chache. Mwanzoni mwa Novemba linawahi kidogo, karibu saa 12 na nusu. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambapo saa 12 kamili asubuhi inakuta jua la Mwanza limeshachomoza.

Sasa mpeleke mtoto shule. Wengi hutakiwa wawe wamefika saa 1 na nusu au mapema zaidi, na wanaokaa mbali hutoka nyumbani saa 12 au kabla yake. Wengi wao hawana gari la shule wala nauli ya kila siku. Wanateremka kwa miguu kutoka vilimani Mabatini, Igogo na Isamilo, wanatembea pembezoni mwa Barabara ya Nyerere kule Nyakato na Igoma, au mwa Barabara ya Kenyatta kutoka Mkuyuni hadi Buhongwa. Sare ya shule za msingi za serikali ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Shati lile jeupe lingemsaidia sana dereva gizani, ila asubuhi ya baridi na manyunyu mtoto huvaa sweta juu yake, na sweta huwa la rangi nzito. Mvua ikikolea anajitanda mfuko wa nailoni kichwani au anainamisha mwavuli mbele ya uso. Hapo dereva hamwoni mtoto, na mtoto haoni gari.

Kwa hiyo tunapozungumzia matengenezo ya kabla ya vuli, abiria wa kwanza wa kufikiriwa yuko nje ya gari. Yeye hana mkanda wala bodi ya chuma ya kumkinga. Ulinzi wake wote ni tairi lako, pedi zako, kioo chako na mguu wako.

Tairi: soma ubavuni

Kazi ya mifereji iliyochongwa kwenye tairi ni kutoa maji. Lami ikiwa kavu, tairi lenye kipara linashika vizuri tu, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lami ikiwa na maji, mifereji hiyo huyasukuma pembeni ili mpira ukutane na barabara. Isipokuwepo, maji hayana pa kwenda. Kwa mwendo mkubwa yanajikusanya chini ya tairi na kuliinua, gari likaelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, breki hazishiki, na dereva amekuwa abiria.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, vimepangwa mahali kadhaa kuzunguka tairi. Uso wa tairi ukilika hadi kulingana na vinundu hivyo, mifereji imebakiwa na kina cha milimita 1.6 tu, na tairi hilo limekwisha. Ukiweza libadilishe kabla halijafika hapo, kwa sababu uwezo wa kutoa maji huanza kupungua mapema zaidi.

Kisha soma ubavu. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho zinazofuata. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3519 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Hukakamaa, hupasukapasuka mistari midogo, na hupoteza mshiko wake hasa kwenye maji. Anayenunua tairi la mtumba kwa sababu "bado lina meno" anaangalia kina na kusahau umri.

Kuna neno jingine la kutafuta pale ubavuni, hasa kwa mwenye IST, Vitz, Passo au Noah iliyotoka Japani karibuni: STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa kuwa laini kwenye baridi kali, na umekatwakatwa vichane vidogo vingi ili ushike barafu. Kwenye joto la Mwanza hulika haraka, na kwenye lami iliyolowa husimamisha gari vibaya kuliko tairi la kawaida. Mtu huliona jipya, limejaa meno, akashukuru kwamba gari lilikuja na tairi nzuri. Likute Septemba, lisikukute Novemba.

Upepo nao upimwe asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Kiwango sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, wakati kipimo cha kituo cha mafuta au cha fundi pancha huwa ni psi. Kukumbuka ni rahisi: kPa 230 ni karibu psi 33. Upepo ukipungua, tairi hujikunja katikati, mifereji hujibana na haitoi maji inavyotakiwa. Na usilisahau tairi la spea, ambalo kwa wengi hupimwa kwa mara ya kwanza siku ya pancha.

Hesabu ya mita

Hapa inafaa kufanya hesabu, kwa kuwa macho hukadiria umbali wa kusimama vibaya sana. Dereva makini huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwenye maeneo ya makazi, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Litakuwa limekwenda mita 21 kabla breki haijagusa chochote. Kisha lami kavu na tairi nzuri zitaongeza mita 14 hivi, jumla 35. Lami ikilowa, kusimama peke yake huchukua karibu mita 25, na jumla inafika mita 45 au zaidi. Tairi zikiwa na kipara, ongeza tena.

Punguza hadi kilomita 30. Kabla ya kukanyaga umekwenda mita 12 na nusu. Kwenye lami iliyolowa unahitaji nyingine 9, na umesimama kwenye mita 21. Linganisha: mahali ambapo dereva wa 30 ameshasimama kabisa, dereva wa 50 ndiyo kwanza mguu wake unafika kwenye breki. Mtoto akiwa mita 22 mbele yao, wa kwanza atamfokea, wa pili atamgonga akiwa bado na karibu mwendo wake wote.

Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale magari na watembea kwa miguu wanapochanganyikana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi yake. Ugonjwa wenye takwimu kama hizo ungekuwa na kampeni ya chanjo. Chanjo iliyopo barabarani ni mwendo mdogo, na haiuzwi.

Mvua ya kwanza ya Oktoba ina hila yake. Miezi mitatu ya kiangazi huacha juu ya lami vumbi, matone ya oili na unga wa mpira wa tairi. Manyunyu ya kwanza hayatoshi kuosha. Yanachanganya tu, barabara ikawa na utelezi. Mvua kubwa ya nusu saa husafisha, ila dakika za mwanzo ndizo za kuogopa, na ndizo ambazo dereva bado ana mwendo wa Agosti.

Breki na vilima

Mwanza ni jiji la miamba na vilima, na vilima huzifichua breki haraka kuliko tambarare. Chunguza maegesho yoyote ya mteremkoni: gari lililowekewa jiwe nyuma ya tairi limeshatangaza kwamba handibreki yake haifanyi kazi. Mwenyewe huliona jiwe kama suluhisho, na jiwe hilo hukaa miaka.

Pedi za mbele zipimwe kwa kuzitoa, kwa macho. Usikubali jibu la "Bosi, hizi bado zinavuta" ikiwa tairi halikufunguliwa. Zikibaki milimita 3 au pungufu, zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja. Magari mengi madogo yana ngoma nyuma, na ndani yake kuna shuu ambazo watu husahau kabisa kwa sababu hazionekani kupitia rimu. Ngoma ikijaa vumbi la kiangazi, au silinda yake ikivuja, gari litasimama kwa tairi za mbele peke yake, na kwenye utelezi tairi hizo hujifunga mapema na usukani hausikii.

Mafuta ya breki yanastahili aya yake. Kadiri yanavyokaa, hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki hadi nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamezeeka. Mteremko mrefu, gari limejaa, mguu umelala kwenye breki: joto hupanda, mafuta yaliyozeeka yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mfumo, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusikia. Ukifika chini breki zikapoa, kila kitu kinarudi sawa, na fundi atakayeangalia kesho yake haoni kasoro. Dawa ni mbili. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, tena yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko chake, bila kuongezewa kitu kingine. Na ukiteremka kutoka Bugando au Isamilo, weka gia ndogo tangu juu, injini ilishike gari. Wenye otomatiki wana L au 2 kwenye lever, na wengi hawajawahi kuzigusa.

Ukitoka gereji, iwe kubwa au gereji bubu ya chini ya mwembe, zijaribu breki kabla ya kuingia barabara kuu. Tafuta mahali pasipo na watu, nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu. Gari likivuta upande mmoja, rudi. Kisha simama, kanyaga pedali na uishikilie nusu dakika. Ikiwa inazama polepole, kuna mahali panavuja.

Kioo, taa na wadudu wa ziwa

Mpira wa waipa hufia kwenye jua. Unakaa kiangazi kizima juu ya kioo cha moto bila kazi, na siku ya kwanza ya vuli unachora mistari badala ya kufuta. Bei yake ni ndogo, kuifunga ni kazi ya dakika tano, na hata hivyo ndiyo sehemu inayoahirishwa kuliko zote. Weka pia maji safi kwenye chupa ya kuoshea kioo, yenye sabuni kidogo. Wakazi wa ziwani wana sababu ya ziada: zile nguzo nyeusi zinazopanda kutoka majini, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo, ambazo mgeni hudhani ni moshi, ni mamilioni ya vijidudu. Wakikutana na kioo chako usiku na waipa ikawasugua kavu, unaendesha nyuma ya utando wa mafuta, na kila taa inayokuja inatawanyika machoni.

Juu ya ziwa lenyewe, radi na mvua hupenda usiku kuamkia alfajiri, kwani upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya maji. Kwa hiyo alfajiri ya giza na alfajiri ya mvua huweza kuwa ileile. Washa taa za mbele, zile za chini, tangu mvua inapoanza, hata kama kumekucha. Unaziwasha ili uonekane. Madereva wengi wa kwetu mvua ikipiga huwasha hazadi na kuendelea kutembea. Wa nyuma yao hawezi tena kujua kama wanakata kona au wamesimama. Hazadi ni za gari lililosimama.

Kagua taa zote mtu mwingine akiwa nje: mbele, indiketa, nyuma, breki. Vioo vya taa vya magari yetu ni plastiki, na jua huvifanya kuwa vya njano hadi nusu ya mwanga inabaki ndani. Vinasuguliwa na kung'arishwa kwa fedha kidogo. Kubandika balbu kali zaidi nyuma ya kioo chenye ukungu kunatawanya mwanga kwenye macho ya anayekuja, na yeye ndiye atakayeshindwa kumwona mtoto aliye kati yenu.

Gari likijaa watoto wenye nguo zilizolowa, vioo huingia ukungu ndani ya dakika moja. Usifute kwa kiganja. Washa kiyoyozi, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, ruhusu hewa ya nje iingie. Gesi ya kiyoyozi ikiwa imeisha, huo si ukosefu wa anasa tu.

Maji yakikata barabara

Mto Mirongo hupita katikati ya jiji, na mvua kubwa ikinyesha vilimani hujaa kwa haraka. Mitaa ya bondeni hugeuka njia za maji kwa saa moja au mbili, kisha maji yanaondoka. Subira ya saa moja ndiyo ushauri wote. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanatosha kuanza kuliinua gari dogo. Sentimita 60 huweza kuchukua magari mengi, likiwemo lile refu ambalo mwenyewe analiamini. Na maji ya kahawia hayaonyeshi kama kalavati bado lipo. Aprili 2024, jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko asubuhi likiwapeleka shule, na watoto kadhaa walipoteza maisha. Mwalimu wa zamu hajawahi kumchapa mtoto kwa kuchelewa kiasi cha kustahili kubahatisha kivuko.

Karibu na shule

Mtoto wa darasa la kwanza ana kimo kisichozidi boneti ya magari mengi makubwa, na watoto wa umri huo hawajaweza kukadiria kasi ya gari linalokuja. Wanaona liko mbali, wanavuka. Jukumu la kukadiria ni la mkubwa aliyeshika usukani.

Mahali pa hatari kubwa ni mbele ya daladala iliyosimama. Mtoto anateremka, anazunguka pua ya Hiace na kutokeza katikati ya barabara, mahali ambapo anayeipita daladala hana namna ya kumwona. Ukikuta daladala au gari la shule limesimama, chukulia kwamba kuna mtoto mbele yake. Punguza hadi mwendo wa kutembea, au simama. Mwanao mfundishe kungoja gari liondoke kwanza, kisha ndiyo avuke. Wewe ukimshusha, ateremke mlango wa kushoto, upande wa kingo. Funga kufuli ya watoto mlango wa kulia na sahau kwamba upo.

Kwenye zebra, ukisimama angalia kioo cha pembeni. Bodaboda atakupita kushoto au kulia wakati watoto wako katikati. Mkono uliotolewa dirishani, ukipungwa taratibu juu na chini, umeokoa wengi.

Miundombinu nayo ina sauti. Shirika la Amend lilianzia Dar es Salaam mradi wa kurekebisha maeneo ya shule: njia za miguu, matuta, vivuko, vizuizi vya magari, na masomo kwa wanafunzi. Hakuna kati ya hivyo kilichohitaji teknolojia ya ajabu. Utafiti ulionyesha majeruhi miongoni mwa watoto wakipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kamati ya shule inayopeleka ombi la tuta kwa TARURA au TANROADS inafanya kazi ya maana kuliko mabango kumi ya kuwausia watoto wawe waangalifu.

Barabara kuu zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu zinapita vijijini bila kupungua upana. Njia ya Musoma inapita Kisesa na Magu, shule ziko kando yake. Njia ya Usagara imebadilika tangu Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa. Zamani foleni ya kivuko iliyagawa magari mafungu mafungu. Sasa kilomita 3 za daraja zimeunganisha Mwanza na Sengerema na Geita bila kusimama. Ni faraja kubwa kwa mgonjwa na mfanyabiashara. Kwa mtoto anayevuka upande wowote wa daraja, magari yanayomfikia hayakupumzika mahali. Katika kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyolowa, kusimama kunahitaji karibu mita 100.

Gari la shule, mshikaki na hesabu ya tajiri

Mei 6, 2017, siku ya mvua, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliacha njia kwenye mteremko wa Rhotia, Karatu, na kutumbukia korongoni. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watatu walinusurika. Nchi nzima ililia. Kilio hicho kingezaa matunda zaidi kama kila mzazi angejipa kazi ndogo ya kuliangalia gari linalombeba mwanawe.

Hakuhitajiki ufundi. Simama kando ya gari asubuhi moja. Je, tairi zina mifereji? Taa za breki zinawaka zote mbili? Watoto wamekaa kila mmoja na kiti chake, au wamebanwa watatu kwenye kiti cha wawili? Kuna mikanda? Kuna mtu mzima wa kuwashusha na kuwavusha, tofauti na dereva? Gari lina leseni ya LATRA ya kubeba wanafunzi? Jibu likiwa hapana, peleka suala hilo kwenye kikao cha wazazi, maana dereva akiulizwa peke yake atasema hana mamlaka, na mara nyingi anasema kweli.

Bodaboda ya watoto watatu, mshikaki wa asubuhi, ni hesabu ya umaskini zaidi kuliko uzembe. Nauli moja inagawanywa watatu. Anayemlaumu mama wa Igoma kwa hilo amwonyeshe njia nyingine kwanza. Lakini pale penye nafasi ya kuchagua, mtoto mmoja mwenye kofia ngumu inayomtosha, dereva uliyemzoea na mwendo uliokubaliwa ni bora kuliko haraka ya anayepita tu.

Kuhusu daladala, na Noah za kwenda Kisesa au Usagara, tatizo la sehemu zisizolalamika lina sura yake. Dereva si mwenye tairi, na mwenye tairi hayuko barabarani. Kila jioni dereva anapeleka hesabu kwa tajiri. Kinachozidi ni chake na kondakta. Breki zikianza kuchoka mwezi Agosti, dereva hana hamu ya kulaza gari, kwa kuwa siku bila gari ni siku bila ugali. Tajiri naye anaona hesabu inakuja kamili, anaamini gari ni zima. Kila mmoja ana sababu nzuri, na gari linaingia vuli likiwa na pedi za Aprili. Tajiri ndiye anayeweza kulivunja fundo hili, kwa kuamua kwamba siku moja ya Septemba haina hesabu. Gari linalala gereji, dereva anapewa posho yake, na mwenye mali anakuwepo tairi zinapofunguliwa.

Na kama fedha haitoshi kwa kila kitu, mpangilio ni huu. Balbu na waipa leo, kwa sababu bei yake si kisingizio. Breki na mafuta yake wiki hii. Tairi kabla ya mwezi kwisha, hata kama ni mbili mbili. Usukani, boljointi na alaimenti zifuate. Rejeta iwekewe kuleni badala ya maji ya bomba, betri ifungwe imara. Rimu, redio na rangi mpya ya bampa vingoje Januari, baada ya ada.